Kilemba cha Ukoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoyarudia kila mara hapa Tanga: wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa na mitihani, wafanyakazi waliohamishiwa huku kutoka bara, na wenyeji wanaobishana barazani Ngamiani hadi kahawa inapoa. Kila jibu linasomeka peke yake. Jambo lililokwisha kuelezwa mahali pengine, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Misingi

1. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kufanya nini hasa?

Ni kumsifu mtu kwa sifa ambazo wewe mwenyewe huziamini, ukizisema kwa namna ya kumfanya yeye aziamini. Mambo hayo mawili lazima yakutane. Ukimsifu kwa kudhani anastahili, kumbe hastahili, umekosea tu. Ukimwita mwenzako "bingwa wa dunia" kwenye bao baada ya kumfunga mara tatu mfululizo, na yeye anajua unamtania, huo ni utani.

Kilemba cha ukoka kipo pale ambapo ulimi unasema "vizuri sana" na moyo unasema "vibaya", na anayeambiwa anaondoka na lile la ulimi.

2. Naomba mfano ulio hai.

Chukua mama anayepika mikate ya kumimina ya kuuza mtaani. Mchele kaulowesha usiku, kausaga kwa tui la nazi, katia iliki, sukari na hamira, kisha kauacha uumuke. Siku hiyo hamira imezidi. Ukikata mkate unaona vitundu vikubwa visivyolingana, na ukiutia mdomoni uchachu unatangulia kabla iliki haijafika. Jirani yake anaonja kipande. Naye ni mpishi, kwa hiyo kosa analijua palepale. Lakini anasema, "Wallahi bibie, Tanga nzima hakuna anayemimina mkate kama wewe. Shughuli ya Jumamosi wangekupa wewe tu."

Mama anafurahi. Anakwenda kuomba oda ya ile shughuli, anaipata, na anapika kwa kipimo kilekile. Jumamosi jioni sinia zinarudi na mikate yake haikuguswa. Watu wakija kusimulia watasema: yule mama alivikwa kilemba cha ukoka.

Mtazame jirani alichofanya. Hakuiba, hakutukana, hakusengenya. Alitabasamu na akasema maneno ambayo mtu yeyote angependa kuambiwa. Hasara yote imekwenda kwa mpishi, naye jirani ameondoka na jina la mtu mwema. Ubaya huo mwembamba, usioshikika, ndio unaohitaji msemo wake wenyewe.

3. Kwa nini kilemba, na kwa nini ukoka?

Kilemba pwani ni heshima kabla ya kuwa vazi. Hufungwa na masheikh, na bwana harusi naye hukivaa siku yake. Neno hilohilo ni jina la ada: katika ndoa, kilemba ni haki ya baba wa binti kama mkaja ulivyo haki ya mama. Mwanafunzi wa fundi au wa chuo cha Kurani alipohitimu, naye alimpa mwalimu wake kilemba. Kwa hiyo kumvika mtu kilemba kulikuwa na gharama. Kulimtoa mtu kitu mkononi.

Ukoka ni nyasi zinazotambaa chini, malisho ya ng'ombe na mbuzi. Hauna bei. Ukizisokota kichwani mwa mtu asubuhi, kwa mbali ataonekana kavaa. Adhuhuri zimenyauka, na mbuzi yeyote anaweza kumfuata. Mimi ninavyousoma msemo huu, uzito wake uko hapo kwenye gharama: msifuji ametoa heshima ambayo haikumgharimu chochote, hata ule ugumu wa kusema kweli.

4. Ni ukoka, ukoko au ukoga?

Ni ukoka. Ukoko ni wali ulioshika chini ya sufuria, ule ambao watoto hugombania kuukwangua. Ukoga ni uchafu unaoganda kwenye meno. Haya matatu huchanganywa sana, hasa katika majibu ya mitihani, na "kilemba cha ukoko" kimezoeleka kiasi kwamba kuna watu wazima wanaokitetea. Hakina utetezi.

5. Je, ni msemo wa Tanga tu?

Hapana. Unatumika Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na bara, na umo katika Kiswahili sanifu. Tanga ina lahaja yake, Kimtang'ata, na kuanzia Pangani kwenda kusini kuna lahaja ya Kimrima. Sanifu yenyewe ilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa 1928. Msemo huu umepita kote huko bila kubadilika. Tofauti utakayoiona Tanga ni kwamba unasemwa barazani na vibarazani mwa nyumba, na hauishii kwenye vitabu vya nahau.

## Kuutumia

6. Kumvika au kumvisha?

Vyote sahihi. Vyote vinatokana na *kuvaa*, na vyote utavisikia mtaa mmoja. Katika kutendwa: *amevikwa*, *amevishwa*. Wawili wakisifiana kwa uongo: *wanavishana vilemba vya ukoka*. Wingi ni *vilemba vya ukoka*. Ukoka wenyewe haubadiliki.

7. Nani huusema, na kwa nafsi ipi?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Msemo huu ni wa shahidi. Husemwa na mtu wa tatu aliyeona ("wale wanamvika kilemba cha ukoka tu") au na aliyevikwa baada ya kuzinduka ("kumbe nilivikwa kilemba cha ukoka"). Wakati kitendo kinatendeka, anayetenda hautamki, na anayetendewa hajui kama ana haja ya kuutamka.

Nafsi ya kwanza huja zaidi katika kukanusha: "Sikuviki kilemba cha ukoka, mwanangu, hati yako ni nzuri." Hapo msemaji anaweka dhamana ya neno lake kabla hajalitoa. Ukisikia mtu mzima wa Tanga ameanza hivyo, yanayofuata yasikilize.

8. Naweza kumwambia mtu usoni kwamba ananivika kilemba cha ukoka?

Rika lako, ndiyo, tena mara nyingi huishia kwa kicheko: "Acha kunivika kilemba cha ukoka bwana, sema unataka nini." Mkubwa wako, hapana. Kumwambia mzee hivyo ni kumwambia kuwa amesema uongo, na hata kama ni kweli, wewe ndiye utakayeonekana umekosa malezi.

Kwa mzee zipo njia laini. "Bi mkubwa, hapo umenizidishia." "Shangazi, haya ni mapenzi yako tu, mimi bado najifunza." Umekataa kilemba bila kumvua yeye heshima yake, na akitaka kukuambia ukweli umemfungulia mlango.

9. Katika mtihani niandike maana gani?

Andika: *kumsifu mtu kwa uongo au kinafiki, kumpa sifa asizostahili*. Ukitakiwa kutunga sentensi, hakikisha sentensi yenyewe inaonyesha maana. "Juma alimvika Asha kilemba cha ukoka" haionyeshi kitu. "Walimvika kilemba cha ukoka kwa kumwambia ni mwimbaji hodari, ilhali sauti yake iliwakera" inaonyesha.

## Maneno jirani

10. Kuna tofauti gani na unafiki? Si vyote ni kimoja?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote. Unafiki ni neno zito la dini. Wanafiki wana sura yao katika Kurani, ya 63, na hadithi inayojulikana na kila mtoto wa chuo inataja alama zao tatu: akisema huongopa, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya khiyana. Ukimwita mtu mnafiki umemhukumu yeye mzima, na kwa Mwislamu umemgusa hadi kwenye imani yake.

Kilemba cha ukoka kinahukumu tendo moja. Mtu mwema, mswalihina, jirani wa miaka mingi, anaweza kukuvika kilemba cha ukoka alasiri moja kwa sababu aliona haya kukuambia kuwa gauni limekubana. Amekosea. Lakini ukienda kumtangaza mtaani kuwa mnafiki, kosa lako limekuwa kubwa kuliko lake.

Siku hizi "mnafiki" linatupwa ovyo, kwa mtu aliyekosa kupokea simu na kwa aliyesahau mwaliko. Neno linapotumika kwa kila kitu halibaki na nguvu siku linapohitajika kwa khiyana ya kweli. Tuna misemo ya kila kipimo cha kasoro hii. Tuitumie kwa kipimo chake.

11. Na kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa?

Huko ni kumlaghai mtu kwa maneno au ahadi tamu zisizo na kitu ndani. Mgongo wa chupa unateleza mwilini, lakini mafuta hayatoki. Kilemba kinahusu *sifa*. Mgongo wa chupa mara nyingi unahusu *ahadi*. Vinaweza kuja pamoja. Mwajiri anayemwambia kibarua, "Wewe ndiye nguzo ya kazi hii, malipo yako tutayatazama mwezi ujao," huku akijua hatayatazama, amefanya yote mawili kwa sentensi moja. Ni nguzo kwa kilemba, na mwezi ujao kwa mgongo wa chupa.

12. Kijembe je? Na kuuma na kupuliza?

Kijembe kinaelekea upande mwingine kabisa. Anayepiga kijembe *anataka* uumie, ila kwa fumbo, asishikwe. Kanga ni hodari kwa hilo, na taarabu pia, na Tanga ni mji wa taarabu tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Masikio ya hapa yamezoea kupima neno upande wake wa pili. Anayekuvika kilemba hataki uumie mbele yake. Anataka ufurahi.

Kuuma na kupuliza ni kumdhuru mtu huku ukimliwaza, kama inavyosemwa juu ya panya. Humo madhara yapo tangu mwanzo. Katika kilemba cha ukoka madhara huja baadaye, na wakati mwingine hayaji.

13. Uchawa ni kilemba cha ukoka cha siku hizi?

Vinakutana lakini havilingani. Chawa, kwa maana ya mitaani na mitandaoni Tanzania, ni mtu anayemganda mwenye fedha au cheo na kumsifu hadharani ili apate riziki. Kazi yake inajulikana, na wengi hawaifichi. Anaweza hata kumsifu kwa mambo ya kweli. Kinachomfanya chawa ni kuganda. *Kujipendekeza* na *kujikomba* viko upande huohuo: vinaeleza haja ya msifuji.

Kilemba cha ukoka hakiulizi unataka nini. Kinauliza kama uliamini ulichosema. Ndiyo maana asiye na haja yoyote kwako anaweza kukuvika.

14. Vijana wanasemaje?

*Kumjaza mtu*, *kumvimbisha kichwa*, *kumzuga*. Maneno ya uongo kwa jumla huitwa *kamba*, au *chai*. Lililo karibu zaidi ni "kumjaza": "Walimjaza pale, akaamini anajua." Halina ule uzito wa heshima iliyoghushiwa, lakini linaeleweka.

15. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" inahusiana?

Inahusiana kwa mbali. Mgema wa methali amesifiwa kwa haki, tembo lake lilikuwa zuri, kisha sifa zikamlevya. Kosa ni la mgema. Kwenye kilemba cha ukoka kosa ni la msifuji.

## Adabu za pwani

16. Nimehamia Tanga kutoka bara. Watu hapa ni wapole mno, kila kitu "vizuri", "salama". Je, wananivika kilemba cha ukoka?

Hapana, na naomba jibu hili lisomwe pole pole, kwa sababu tuhuma hii inawaumiza watu wasiostahili.

Salamu ya pwani ina mpangilio. Utaulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, na jibu la kwanza ni jema daima: njema, salama, alhamdulillahi. Mgeni anasikia "salama", halafu dakika mbili baadaye anasikia "ila huyu mdogo ameshikwa na homa tangu juzi", naye anajiuliza kwa nini hakuambiwa mara ya kwanza. Hakufichwa. Neno la kwanza ni shukrani na ni la kumkaribisha mwulizaji. Habari yenyewe inakuja baada ya kukaa. Kila aliyekulia hapa anajua kuwa "salama" ya kwanza haimalizi mazungumzo.

Rudi kwenye swali la 1: sharti la pili ni kwamba msikilizaji aamini. Adabu ambayo pande zote mbili zinaijua haimdanganyi mtu. Mgeni asiyeijua anaweza kudanganyika, lakini dawa yake ni kujifunza mpangilio, na wiki chache za kukaa barazani zinatosha. Kuuita mji mzima wa wanafiki ni dhuluma (tazama swali la 10).

17. Nikipita watu wanakula, wakasema "Bismillah, karibu", wanamaanisha?

Wanamaanisha. Ukikaa, utasogezewa sahani. Usipotaka, jibu ni "Ahsante, starehe." Ukaribisho huu ni wa kweli hata pale chakula ni kidogo, na kuuita kilemba cha ukoka ni kukosea mara mbili: kwanza si sifa, pili si uongo.

18. Wauzaji wanaoniita "bosi" na "tajiri" sokoni Mgandini?

Wito wa biashara. Hakuna aliyewahi kurudi nyumbani akiamini ametajirika.

## Kesi ngumu

19. Kumwambia mgonjwa "leo umechangamka", au mtoto "umechora vizuri", wakati si kweli?

Kwa mgonjwa, maneno kama "utapona inshallah" ni dua na matumaini. Si sifa na hayaingii humu kabisa. "Umechangamka" nalo mara nyingi linatafuta kitu cha kweli cha kushika: leo amekunywa uji, leo ameketi. Shika hicho. Lakini ukimwambia mgonjwa amepona ili aache dawa au asirudi hospitali, msemo ni mwepesi mno kwa ulichokifanya.

Mtoto ni vivyo hivyo. Sifia alichokifanya kweli: amemaliza, amechagua rangi, hakukata tamaa. Mtoto wa miaka minne hachukui oda ya shughuli, kwa hiyo usijitese. Wa miaka kumi na sita anayetaka kuchagua njia ya maisha kwa neno lako, ukimvika kilemba, gharama yake ni ileile ya mama wa mikate.

20. Hotuba za kumuaga mtu kazini, au maneno ya msibani?

Msibani hatutaji mabaya ya marehemu, na kunyamazia mabaya si kusifu kwa uongo. Anayeongeza mema yasiyokuwepo amevuka mpaka, ingawa marehemu hawezi kupotoshwa nayo. Wanaopotoshwa ni waliobaki.

Hotuba za kuaga ni hatari zaidi. Mtu aliyelalamikiwa miaka yote anasimamiwa na kusomewa sifa ndefu, na anaondoka hajui kwa nini alihamishwa. Huko ndiko kilemba cha ukoka hufungwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja akishika ncha yake.

21. Sifa ni za kweli, lakini anayenisifu ana lake jambo. Nikiite kilemba cha ukoka?

Hapana. Sifa ya kweli inabaki ya kweli hata ikitoka mdomo wenye haja. Mwite anayejipendekeza, ukiwa na hakika. Sifa ichukue.

22. Mtu anaweza kujivika mwenyewe?

Husemwa, "amejivika kilemba cha ukoka", kwa mtu anayejisifu na kujiamini kwa asichokuwa nacho. Ni kuunyumbulisha msemo, na unanyumbulika vizuri, lakini katika maandishi rasmi *kujikweza* au *kujidanganya* hutosha.

23. Nitajuaje kama nimevikwa?

Uliza kitu kimoja mahususi. Mwenye sifa ya kweli ana kitu cha kuonyesha: mstari fulani wa shairi, kiungo fulani, mshono fulani begani. Mwenye kilemba atarudia jumla: "yaani kila kitu, kila kitu!" Si kipimo kisichokosea, kwani wapo wanaopenda kweli na hawana maneno. Kwa hao, tazama wanachofanya baadaye. Aliyekipenda chakula chako huomba tena.

24. Nikiombwa maoni na kazi ni mbaya, nisemeje bila kumvika kilemba wala kumvunja moyo?

Anza na kilicho kizuri kweli, hata kiwe kidogo, kisha taja kasoro moja inayorekebishika, na uiseme faragha. Yule jirani wa swali la 2 angeweza kusubiri wageni watoke, akamsogelea mwenzake jikoni na kumwambia: "Bibie, iliki umeipatia, harufu yake nimeisikia tangu mlangoni. Ila leo hamira imekushinda kidogo, mkate umechachuka. Punguza nusu kijiko, na usiuache hadi upande kupita kiasi. Kesho ukimimina niite tuonje pamoja."